Wale Wanne Waliombeba Aliyepooza: Namna Salama ya Kumsogeza na Kumhamisha Mgonjwa



Mwinjili Marko, katika sura ya pili ya Injili yake, anatusimulia habari za mtu aliyepooza aliyeletwa kwa Yesu kule Kapernaumu akiwa amechukuliwa na watu wanne. Tumezoea kuitafakari simulizi hiyo kwa upande wa imani na msamaha wa dhambi, nayo ndiyo maana yake ya kwanza. Hata hivyo, upo upande mwingine ambao mara nyingi tunaupita haraka. Watu wale wanne walipokuta mlango umezibwa na umati, walipanda darini, wakaitoboa, wakamteremsha mgonjwa wao pamoja na godoro lake hadi miguuni pa Bwana. Jaribu kuiona kazi hiyo kwa macho ya mtu aliyewahi kuuguza. Mmoja wao angelegeza upande wake kabla ya wenzake, mgonjwa angebingirika na kuanguka juu ya vichwa vya watu. Ni lazima walipatana kwanza, wakapeana ishara, wakashusha kwa pamoja na kwa kadiri moja. Bwana aliiona imani yao, na imani ile ilikuwa na mikono iliyojua kufanya kazi kwa utaratibu.

Makala hii inahusu mikono hiyo. Inawalenga waamini wote, na kwa namna ya pekee wale wa Kagongwa na vigango vya jirani, ambako karibu kila Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo ina mgonjwa wa kugeuzwa kitandani, mzee wa kuinuliwa au majeruhi wa kukimbizwa hospitali.

Kwa nini jambo hili linatuhusu sisi waamini

Yeyote aliyewahi kulaza ndugu katika hospitali zetu anafahamu kwamba wauguzi ni wachache na wagonjwa ni wengi. Kazi kubwa ya kumgeuza mgonjwa, kumwogesha, kumkalisha ale na kumpeleka msalani hufanywa na ndugu anayemuuguza. Mgonjwa anaporuhusiwa kurudi nyumbani, kazi yote huhamia kwa mama, binti au mkamwana. Kwa kawaida hakuna aliyemfundisha. Hutumia nguvu alizonazo na upendo alionao, mpaka siku kiuno chake kinapogoma.

Madhara ya kumsogeza mgonjwa vibaya ni ya pande mbili. Upande wa kwanza ni mgonjwa mwenyewe. Ngozi yake huchubuka inapoburuzwa juu ya shuka, na mchubuko huo ni mlango wa kidonda cha mgandamizo. Bega la mtu aliyepata kiharusi huweza kuchomoka kwa sababu tu alivutwa kwa kwapa. Aliyevunjika mfupa hupata jeraha jipya juu ya lile la kwanza. Upande wa pili ni yule anayemhudumia. Maumivu ya kiuno ni miongoni mwa magonjwa ya kazi yanayowasumbua sana wauguzi duniani kote, na anayeuguza nyumbani anabeba mzigo uleule bila mafunzo wala msaidizi.

Mama Kanisa anatufundisha katika Katekisimu kwamba uhai na afya ya mwili ni zawadi za thamani tulizokabidhiwa na Mungu, nasi tunapaswa kuzitunza kwa busara. Fundisho hilo linamhusu mgonjwa, na linamhusu pia anayemuuguza. Mtume Paulo anapowaambia Wakorintho kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, hasemi kwamba ni mwili wa mgonjwa peke yake. Kuharibu mgongo wako kwa kuuguza bila utaratibu hakumwongezei mgonjwa upendo. Huongeza mgonjwa wa pili ndani ya nyumba.

Gunia na mgonjwa

Kagongwa inajulikana kwa mpunga na mchele. Vijana wetu wanaofanya kazi kwenye mashine za kukoboa hubeba magunia kutwa nzima, na pengine kijana wa namna hiyo akiitwa kumwinua bibi yake mwenye kilo 60 hudhani ni kazi nyepesi. Hapo ndipo penye kosa. Gunia hupandishwa mgongoni na wenzake wawili, hutulia mahali pake, halina maumivu wala hofu. Mgonjwa amelala chini ya usawa wa kiuno cha anayemwinua, uzito wake haukusanyiki mahali pamoja, na katikati ya safari anaweza kushtuka, kuinama upande au kumng'ang'ania mbebaji shingoni.

Tena, uzito hubadilika kadiri unavyokuwa mbali na mwili. Chukua ndoo ya maji uishike karibu na tumbo, kisha inyooshe mbele kwa mikono miwili. Ndoo ni ileile, lakini kiuno kinakuambia vingine. Mtu anayeinama juu ya kitanda kipana na kumwinua mgonjwa aliyelala katikati anashika ndoo hiyo kwa mikono iliyonyooshwa, huku mgongo umepinda na pengine umejisokota. Vifungo laini vilivyo kati ya pingili za uti wa mgongo hubanwa upande mmoja, na vikichakaa vinaweza kugandamiza mishipa ya fahamu inayoshuka miguuni.

Wataalamu wamejaribu kuweka kipimo. Mwaka 2007, mtafiti Thomas Waters wa taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini alipendekeza kwamba mhudumu mmoja asiinue kwa mikono yake zaidi ya takriban kilo 16 za uzito wa mgonjwa, na hiyo ni pale mazingira yanapokuwa mazuri. Mguu mmoja wa mtu mzima, kuanzia nyonga hadi wayo, unaweza kukaribia kipimo hicho. Maana yake ni wazi: mtu mzima asiyeweza kujisaidia hapaswi kunyanyuliwa na mtu mmoja. Ndiyo sababu nchi nyingi zimeacha kuwafundisha wauguzi namna ya kunyanyua wagonjwa, na badala yake zinawafundisha namna ya kuwatelezesha, kuwageuza na kutumia vifaa.

Kanuni za msingi kabla ya kumgusa mgonjwa

Zungumza naye kwanza. Mweleze unachotaka kufanya, hata kama unadhani hasikii. Mgonjwa anayejua kinachokuja hakazi mwili kwa hofu. Muulize pia anachoweza kufanya mwenyewe, kwani anayeweza kukunja goti moja na kusukuma kwa kisigino amekupunguzia nusu ya kazi, na amebaki na heshima ya kushiriki katika uponyaji wake.

Tazama mazingira. Ondoa ndoo, viatu na viti njiani. Hakikisha sakafu si mbichi. Angalia kama kuna dripu au mpira wa mkojo, usije ukakazwa au kuchomolewa. Kama kitanda au kiti kina magurudumu, funga breki.

Hesabu watu. Ukijiuliza kama unamweza peke yako, jibu ni kumwita mwenzako. Wakiwa wengi, mmoja awe kiongozi, na kwa kawaida huyo husimama kichwani pa mgonjwa. Yeye ndiye anayehesabu moja, mbili, tatu, na wote husogea kwa tamko moja. Watu wanne wenye nguvu wasiopatana ni hatari kuliko wawili wanaopatana.

Panga mwili wako. Simama karibu na mgonjwa, tanua miguu kwa upana wa mabega, mguu mmoja ukitangulia. Kunja magoti, nyoosha mgongo, tumia misuli ya mapaja. Usijisokote kiuno, ukitaka kugeuka, geuza miguu. Kama kitanda ni kifupi, piga goti moja chini au weka goti moja juu ya kitanda kuliko kuinama.

Telezesha, usinyanyue. Hii ndiyo kanuni inayobeba nyingine zote.

Matendo manne ya kila siku

La kwanza ni kumsogeza mgonjwa aliyeteleza kuelekea chini ya kitanda. Wengi wetu humshika makwapa na kumvuta. Tuache desturi hiyo, kwa maana bega halikuumbwa kubeba mwili mzima. Tandika shuka imara iliyokunjwa mara mbili chini ya mgonjwa, kuanzia mabegani hadi mapajani. Watu wawili wasimame pande mbili, wakunje kingo za shuka hadi karibu kabisa na mwili wake, viganja vikiangalia juu. Mgonjwa akunje magoti kama anaweza, na aweke kidevu kifuani. Kwa tamko la kiongozi, wote wahamishe uzito wa miili yao kutoka mguu wa nyuma kwenda wa mbele, na shuka itateleza pamoja na mgonjwa. Ngozi yake haitakuwa imesuguliwa hata kidogo.

La pili ni kumgeuza upande. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza huhitaji kugeuzwa takriban kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, ili damu ifike kwenye ngozi iliyobanwa na kitanda. Sehemu zinazoumia haraka ni kitako, nyonga, visigino, viwiko na nyuma ya kichwa. Ili kumgeuza kuelekea kwako, kunja goti lake la upande wa mbali, weka mkono wake wa upande huo juu ya kifua, kisha weka kiganja kimoja nyuma ya bega na kingine nyuma ya nyonga, umvute taratibu kama anayefungua ukurasa wa kitabu. Weka mto nyuma ya mgongo ili asirudi, na mwingine katikati ya magoti. Si lazima alale ubavu kabisa. Mwinamo mdogo unatosha kuondoa uzito kwenye kitako bila kuubana mfupa wa nyonga.

La tatu ni kumkalisha na kumhamishia kitini. Mgonjwa aliyelala siku nyingi asisimamishwe ghafla, maana shinikizo la damu hushuka naye huzimia. Akae kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu ikigusa sakafu, dakika chache. Muulize kama anasikia kizunguzungu. Kiti kiwekwe upande wake wenye nguvu, kikiwa kimeelekea kitanda. Mwambie arudishe visigino nyuma kidogo chini ya magoti, ainame mbele mpaka pua yake iwe juu ya vidole vya miguu, ndipo asimame. Kuinama mbele ndiko kunakoinua kitako. Anayejaribu kusimama huku ameegemea nyuma hawezi, wala hawezekani. Wewe simama mbele yake kidogo upande wa ule udhaifu, goti lako likilinda goti lake lisikunjike. Kitenge kilichokunjwa na kufungwa imara kiunoni pake hukupatia mahali pa kushika, isipokuwa kama ana mimba au kidonda tumboni. Asikushike shingoni kamwe, kwani akiteleza atakuangusha. Azunguke kwa hatua ndogo mpaka ahisi kiti nyuma ya miguu yake, ndipo akae.

La nne ni mgonjwa anayeanguka. Hapa silika hutudanganya, tunataka kumdaka. Mtu mzima anayeanguka hadakiki. Msogelee, mkumbatie kwa nyuma kama uko karibu, tanguliza mguu mmoja, umwache ateleze juu ya paja lako hadi chini huku ukikilinda kichwa chake. Akishafika chini, usiwe na haraka ya kumwinua. Muulize anaumia wapi. Kama mguu mmoja unaonekana mfupi na wayo umegeukia nje, pengine nyonga imevunjika. Mfunike asipate baridi, mwache pale pale na uite msaada. Kama hajaumia, mletee kiti kimoja mbele yake na kingine nyuma, apige goti akiegemea kile cha mbele, kisha ajiinue mwenyewe ukimwongoza. Kwa njia hiyo hakuna aliyembeba mwenzake.

Ajali za mashimo na za barabarani

Ukanda wetu, kuanzia Kahama hadi Geita, ni ukanda wa dhahabu. Pamoja na migodi mikubwa, maelfu ya ndugu zetu huchimba katika maduara ambayo kuta zake huporomoka. Wengi tunakumbuka mwaka 2015, katika machimbo ya Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji watano walivyookolewa wakiwa hai baada ya kufukiwa ardhini kwa siku 41. Tulimshukuru Mungu kwa muujiza ule wa uhai. Aidha, tunaishi kando ya barabara kuu ipitayo malori kutoka Isaka kuelekea Rwanda na Burundi, na ajali zake tunazifahamu.

Katika mazingira ya namna hiyo, watu wa kwanza kufika ni majirani, nao hufika na moyo mwema na haraka nyingi. Majeruhi hukamatwa mikono na miguu, mwili ukining'inia katikati, hutupwa nyuma ya pikapu au huketishwa kwenye bodaboda katikati ya watu wawili. Kama uti wake wa mgongo ulikuwa umevunjika bila mishipa ya fahamu kukatika, safari hiyo inaweza kumalizia kazi ambayo kifusi hakuimaliza. Mtu ambaye angeweza kutembea tena hubaki amepooza maisha yake yote.

Kwa hiyo, aliyefukiwa na kifusi, aliyeanguka kutoka juu au aliyegongwa na gari achukuliwe kuwa ameumia uti mpaka mganga aseme vingine. Kama mahali alipo hapana hatari ya moto, maji au kuporomoka tena, asisogezwe mpaka watu watoshe. Mmoja apige magoti kichwani pake, ashike kichwa kwa mikono miwili, kikae sawa na mwili bila kukivuta wala kukipinda. Watatu wapige magoti ubavuni, mmoja usawa wa mabega, wa pili nyonga, wa tatu miguu. Anayeshika kichwa ndiye anayeamuru. Kwa tamko lake, mwili wote hugeuzwa kwa pamoja kama gogo, kichwa, mabega na nyonga vikibaki katika mstari mmoja. Mtu wa tano husukuma ubao au mlango uliong'olewa chini yake, kisha hurudishwa chali kwa tamko lilelile. Vipande vya nguo vilivyokunjwa huwekwa pande mbili za kichwa, naye hufungwa kwenye ubao kwa vitenge visivyobana kifua. Paja lililovunjika hufungwa pamoja na mguu mzima, kitambaa laini kikiwa katikati.

Ikiwa majeruhi hana fahamu lakini anapumua, na matapishi au damu vinamziba koo, pumzi hutangulia mambo mengine yote. Mgeuzeni ubavu kwa utaratibu ule ule wa gogo, kinywa kikiinamia chini. Kwa uokoaji, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, na haitozwi.

Mama mjamzito na safari ya hospitali

Mama mwenye mimba kubwa asilazwe chali safarini. Uzito wa mtoto hubana mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, mama huishiwa nguvu na mtoto hukosa hewa. Alazwe ubavu, hasa wa kushoto, na kama analazimika kukaa chali basi nguo iliyokunjwa iwekwe chini ya nyonga ya kulia. Mkoa wetu una sababu ya kujivunia hapa. Mfumo wa m-mama, unaowatumia hata madereva wa kawaida wa jamii pale gari la wagonjwa linapokosekana, ulijaribiwa kwanza Sengerema na Shinyanga kabla ya kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022. Mama mwenye dharura ya uzazi, au mtoto mchanga, hupata usafiri kwa kupiga 115 bila malipo. Kila kiongozi wa Jumuiya aiandike namba hiyo mahali paonekanapo.

Pale ambapo gari halifiki, machela ya wazee wetu bado ina kazi. Kitanda cha kamba kinachobebwa na watu wanne ni salama kuliko pikipiki, mradi wabebaji walingane kimo, wapokezane kabla ya kuchoka, na mgonjwa afungwe asiteleze. Kwenye tambarare miguu ya mgonjwa itangulie, ili aliye kichwani amwone uso wake. Kwenye kupanda mlima kichwa kitangulie. Huko Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, wanavijiji wana vyama vinavyoitwa kwa jina la machela yenyewe, engozi. Kila kaya ina zamu yake ya kubeba. Asiyebeba leo hana uso wa kuomba kubebwa kesho.

Kanisa na shule ya kubeba wagonjwa

Kanisa halijifunzi kazi hii leo. Mtakatifu Yohane wa Mungu aliwabeba maskini wagonjwa mgongoni katika mitaa ya Granada, na mapokeo yanasimulia kwamba mwaka 1549 hospitali ya kifalme ilipowaka moto aliingia ndani na kuwatoa wagonjwa kwa mikono yake. Mtakatifu Kamili wa Lellis, aliyefariki tarehe 14 Julai 1614, aliwahudumia wagonjwa wa Roma huku yeye mwenyewe akiwa na kidonda cha mguu kisichopona. Mwaka 1886 Papa Leo XIII aliwatangaza wote wawili kuwa wasimamizi wa wagonjwa na hospitali.

Huko Lourdes, nchini Ufaransa, tangu mwaka 1885 kipo chama cha wahudumu wa kujitolea wanaowapokea na kuwabeba mahujaji wagonjwa. Wahudumu hao hufundishwa kwanza ndipo wakabidhiwe mgonjwa, na kwa desturi huvaa mikanda mabegani ili uzito wa machela ushuke kwenye mabega na miguu badala ya kuvuta mikono na kiuno. Tarehe 11 Februari, Kanisa zima linapoadhimisha Bikira Maria wa Lourdes, ndiyo pia Siku ya Wagonjwa Duniani, iliyoanzishwa na Mtakatifu Yohane Paulo II na kuadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1993. Katika tarehe hiyo hiyo, mwaka 1984, alikuwa ametoa barua yake ya kitume *Salvifici Doloris* kuhusu maana ya Kikristo ya mateso, ambamo Msamaria Mwema ndiye kielelezo cha kila anayesimama kando ya mteseka. Tukumbuke kwamba Msamaria yule alifunga kwanza majeraha, ndipo akampandisha mtu yule juu ya mnyama wake; na akiisha kumfikisha, alimkabidhi kwa mwingine aendelee kumtunza. Hakujifanya kuwa anaweza yote peke yake.

Heshima ya mgonjwa na heshima ya mila

Mgonjwa anapogeuzwa, mwili wake hufunuliwa. Afunikwe kadiri iwezekanavyo, mlango ufungwe, na watoto watolewe nje. Katika familia zetu za Kisukuma, na za makabila mengine yanayokaa nasi, adabu kati ya mtu na wakwe zake ni jambo zito. Mzee anaweza kuvumilia kulala katika uchafu kuliko kushikwa na mkwewe. Tusimcheke wala kumlazimisha. Hapa ndipo Jumuiya inapohitajika: wanaume wa UWAKA wamhudumie mzee wa kiume, akina mama wa WAWATA wamhudumie mama, ili mkwe abaki na heshima yake na mgonjwa abaki na yake.

Wajibu wa taasisi na wa parokia

Kwa wale wanaoajiriwa katika hospitali, zahanati na vituo vya afya, viwe vya Serikali au vya Kanisa, sheria iko wazi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kumlinda mfanyakazi dhidi ya madhara ya kazi yake, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inampa haki ya fidia anayeumia kazini. Muuguzi aliyeumia mgongo akimgeuza mgonjwa atoe taarifa mapema na iandikwe. Wasimamizi nao wajue kwamba shuka za kutelezeshea, ubao wa kuhamishia na kitanda kinachopanda na kushuka si anasa. Ni gharama ndogo ukilinganisha na muuguzi mzoefu asiyeweza tena kusimama zamu.

Kwa upande wa parokia, mambo matatu yanawezekana bila kungoja mfadhili. Kwanza, kila kigango kimwalike muuguzi au mhudumu wa afya ngazi ya jamii awafundishe waamini matendo yale manne, kwa kuyafanya kwa vitendo baada ya Ibada ya Dominika. Pili, kila Jumuiya iwe na machela moja imara, shuka mbili ngumu na ubao mmoja, vikihifadhiwa mahali ambapo kila mtu anapafahamu. Tatu, Jumuiya inapokwenda kumtembelea mgonjwa kwa sala, au mhudumu anapompelekea Ekaristi Takatifu, iulizwe kila mara: nani anamgeuza usiku? Jibu likiwa ni mtu mmoja, hapo pana kazi ya kugawana. Zamu ya kumpumzisha anayeuguza, japo kwa usiku mmoja katika juma, ni tendo la huruma la kimwili sawasawa na kumtazama mgonjwa.

Hata Bwana wetu, katika njia ya msalaba, hakukataa bega la Simoni wa Kirene. Kama Yeye alikubali kusaidiwa kubeba, sisi ni nani hata tuone haya kumwita jirani aje ashike upande wa pili wa shuka? Aliyepooza wa Kapernaumu alikuwa na watu wanne. Tuombe na tujitahidi kwamba pasiwepo mgonjwa yeyote kati yetu mwenye mmoja tu.

Bikira Maria, Afya ya Wagonjwa, utuombee. Mtakatifu Yohane wa Mungu na Mtakatifu Kamili wa Lellis, mtuombee.